Mwavuli Mdogo na Darasa Kubwa

Ndugu mwanachuo, huenda ukastaajabu kukuta, katika jarida linaloshughulikia mbinu za kufundishia, habari za watu wanaojitupa kutoka katika ndege. Tunakuomba uvumilivu. Jambo tunalotaka kulieleza tulijifunza kwao, wala hatukujifunza kwa heshima. Tulifedheheka mara mbili: kwanza mbele ya mwalimu wa miavuli, kisha mbele ya nafsi yetu wenyewe.

Tuna ndugu yetu mdogo, kitinda mimba wa mama yetu, aliyeoa upande wa Kenya na kupata kazi ya kukunja miavuli katika ufuko wa Diani, kusini ya Mombasa, mahali ambapo wageni na wenyeji huja kuruka. Baada ya mwaka mmoja wa kukunja miavuli ya wenzake, naye akaanza kujifunza kuruka. Habari hizo zilimnyima mama usingizi. Likizo ya Desemba ilipofika alituita akasema, "Wewe ndiwe mkubwa, tena mwalimu. Nenda kamtazame mwenzio. Kama ni kazi, uniambie ni kazi. Kama ni wazimu, urudi naye." Tukapanda basi Tanga, tukavuka mpaka pale Horohoro, na magharibi tukawa Ukunda.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuuona mchezo huu, tuueleze kwa ufupi. Ndege hupanda mpaka kiasi cha mita 4,000. Mrukaji hutoka mlangoni, akaanguka kifudifudi kwa muda wa dakika moja hivi, kwa mwendo wa karibu kilomita 200 kwa saa, kisha akafungua mwavuli wake na kuuongoza mpaka chini. Huko Diani mahali pa kutua ni mchanga ulio baina ya minazi na bahari. Basi mrukaji wa huko hana budi kujua mambo ambayo wavuvi wa pwani wameyajua tangu zamani: ni kaskazi au ni kusi, upepo una nguvu kiasi gani, na maji yanajaa au yanakupwa, kwa maana maji yakijaa uwanja wake hupungua upana.

Jambo la kwanza lililotubadilisha mawazo ni vyombo vyenyewe. Tulidhani mrukaji hubeba mwavuli mmoja, mengine akamwachia Mungu. Kumbe hubeba miwili katika mkoba mmoja wa mgongoni: mwavuli mkuu upande wa chini, na mwavuli wa akiba upande wa juu. Wala miavuli hiyo haifanani na ile ya mviringo iliyomo katika picha za vitabu vya zamani. Mfaransa André-Jacques Garnerin aliposhuka kutoka katika puto mjini Paris mwaka 1797, mwavuli wake ulimyumbisha huku na huku njia nzima. Mwavuli wa michezo wa siku hizi umetokana na wazo la Domina Jalbert wa Marekani, katika miaka ya 1960. Ni kitambaa cha tabaka mbili kilichogawanywa vyumba vyumba, ambavyo hujazwa hewa kwa mbele mpaka kitambaa kikawa bawa. Bawa huenda mbele, hukata kona, na kabla ya kutua huvutwa kwa vishikio viwili ili lipunguze mwendo.

Mdogo wetu alitukalisha juu ya turubai akatuonyesha jinsi mwavuli mkuu unavyofunguka. Mrukaji hutupa upeponi kimwavuli kidogo sana kilichowekwa chini ya mkoba. Kimwavuli hicho huchomoa pini, kikautoa mfuko wenye mwavuli, kamba zikanyooka, ndipo kitambaa kikaanza kujaa. Ili kisijae kwa ghafula na kumwumiza mtu, kipo kipande cha kitambaa chenye pete pembeni kinachoteremka polepole juu ya kamba na kuuchelewesha mwavuli kufunguka. Kila hatua huitayarisha ile inayofuata. Tulitabasamu kimoyomoyo, kwa kuwa tuliona andalio la somo lililopangwa vizuri kuliko mengi ambayo tumepata kuyasahihisha.

Je, mwavuli mkuu ukifunguka vibaya? Mrukaji huuacha uende zake. Kwenye kila bega kuna pete tatu za chuma, kubwa, ya kati na ndogo, zilizopitishwa moja ndani ya nyingine na kufungwa kwa kitanzi chembamba cha uzi. Alizibuni Bill Booth wa Marekani katika miaka ya 1970. Kila pete hupunguza nguvu inayoifikia ile inayofuata, hata kitanzi chembamba kikaweza kuzuia uzito wa mtu mzima. Mrukaji akivuta mshiko wa upande wa kulia wa kifua, ambao mara nyingi huwa mwekundu, vitanzi huachia na mwavuli mbaya hupeperuka. Ndipo huvuta mshiko wa upande wa kushoto, na mwavuli wa akiba hutoka.

Kipo na chombo kingine kidogo kilichofichwa ndani ya mkoba. Kinachojulikana zaidi ni Cypres, kilichobuniwa na Helmut Cloth wa Ujerumani na kuanza kuuzwa mwaka 1991. Kikimkuta mrukaji angali anaanguka kwa zaidi ya kilomita 125 kwa saa huku amebakiza kiasi cha mita 225 tu kufika ardhini, hukata kitanzi cha mwavuli wa akiba chenyewe. "Kaka," mdogo wetu alisema, "hiki tunakivaa tukiomba kisifanye kazi maisha yetu yote." Na mwavuli wa akiba haukunjwi na mtu yeyote tu. Hukunjwa na fundi mwenye leseni, na huko Marekani sheria inataka ukaguliwe na kukunjwa upya kila siku 180, hata kama haukutumika. Mdogo wetu, ambaye kukunja ndiyo riziki yake, hakuruhusiwa kuugusa. Tulimwuliza kama hilo halimwudhi. Akajibu kwamba yeye ndiye wa kwanza kufurahi, maana ule wa akiba ni wake pia.

Sasa tuje kwenye mafundisho. Kabla ya kuvaa, kabla ya kupanda ndege, na tena kabla ya kutoka mlangoni, kila mrukaji hukaguliwa. Ukaguzi huo hufuata hesabu ya tatu tatu: pete tatu kwenye kila bega, mikanda mitatu, yaani wa kifuani na miwili ya mapajani, na mishiko mitatu, yaani wa kimwavuli, wa kuachia na wa akiba. Pini za mgongoni humbidi mtu aangaliwe na mwenziwe. Tulimwona mzee mmoja Mzungu, aliyeambiwa kuwa amekwisha ruka maelfu ya mara, akimgeuzia mgongo mdogo wetu mwenye miruko 31 na kumwomba amwangalie. Mdogo wetu hakuangalia kwa adabu ya kupitisha macho. Aliinua kifuniko, akagusa, akafunga, kisha akampiga bega kumjulisha kwamba amemaliza. Tulijiuliza ni lini mkufunzi wa chuoni kwetu alipata kumpa mwanachuo andalio lake la somo na kumwambia, "Niangalizie kama nimekosea."

Siku ya tatu mwalimu wao, mama mmoja Mkenya mwenye maneno machache, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu tu, alituuliza kama tungependa kuonja somo lenyewe. Tukakubali kwa furaha. Alitueleza utaratibu wa kuachia mwavuli mbaya, nasi tukaurudia bila ya kukosa hata neno moja: kutazama mshiko mwekundu, kuushika, kutazama wa akiba, kuvuta mwekundu mpaka mwisho, kuvuta wa akiba mpaka mwisho. Tukaulizwa sababu, tukaitoa: wa akiba ukitangulia kabla mwavuli mbaya haujaachiliwa, huweza kusokotana nao. Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Akatuvisha mikanda iliyoning'inizwa kwenye boriti, akatuzungusha, akatikisa kamba na kupaza sauti, "Umesokotana! Fanya!"

Tukavuta wa akiba kwanza.

Wale vijana hawakucheka. Mwalimu naye hakutukemea. Alirudisha mishiko mahali pake akasema, "Tena." Tulirudia mara kumi na tano, na katika hizo tulikosea nne. Alipotuteremsha alisema, "Uliyajua kwa mdomo. Mikono yako ilikuwa haijafundishwa." Sisi tuliosomea stashahada ya ualimu, tulioandika ubaoni mara nyingi kwamba mwanafunzi hujifunza kwa kutenda, tulikuwa tumesimama na jasho limetutoka, tukiyasikia maneno hayo kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Kesho yake ndipo lilipotokea lile lililotufanya tuandike makala hii. Mgeni mmoja aliyekuwa akirejea kwao alitaka kumwachia mdogo wetu mwavuli wake. Ulikuwa mzuri, wa rangi ya machungwa, na mdogo kuliko ule aliozoea. Mgeni alimsifu mbele ya watu kwamba anauongoza mwavuli kama mtu mwenye miruko mia tatu. Mwalimu akakataa. Mdogo wetu akanuna, na jioni akatujia. "Kaka, wewe ni mwalimu mwenzake. Kamwambie. Wewe mwenyewe umeniona ninavyotua."

Ni kweli tulikuwa tumemwona. Alikuwa akitua kwa miguu miwili kama ndege juu ya tawi, na kila alipotua moyo wetu ulijaa fahari ya damu. Tukaenda kumwombea.

Mwalimu hakubishana nasi. Alichukua kalamu na kipande cha karatasi, akatuuliza uzito wa mdogo wetu. Kilo 70. Vyombo na mavazi, kilo 12. Jumla 82, ambazo kwa hesabu ya warukaji, wanaopima kwa ratili, ni kama 180. Mwavuli aliouzoea una eneo la futi za mraba 190. Akagawanya: 0.95. Mwavuli wa mgeni una futi 135. Akagawanya tena: 1.33. "Kwa mtu wa miruko thelathini," alisema, "hesabu hii isipite moja."

Tukasema kwamba kijana ana kipaji. Akajibu, "Kipaji nakiona. Lakini umemwona anatua upepo ukiwa mwema, ufuko ukiwa mpana, na hakuna mtu aliyemkatia njia. Mwavuli mdogo huenda mbio, na ukivutwa upande mmoja hugeuka kwa ghafula na kupoteza kimo kingi. Kosa ambalo mwavuli mkubwa hulisamehe kwa mchubuko, ule mdogo hulidai mfupa wa paja. Mimi simpimi kwa siku yake nzuri. Nampimia siku yake mbaya."

Kisha akatueleza jambo ambalo watu wa nje hawalidhanii: kwamba wengi wanaokufa katika mchezo huu hufa chini ya mwavuli uliofunguka vizuri kabisa, kwa sababu ya kona iliyokatwa chini mno au kutua kulikokosewa. Chombo kile kidogo cha Kijerumani hakiwasaidii, kwa maana wao hawaanguki tena. Wanaruka juu ya bawa zima. Ndiyo sababu chama cha warukaji cha Marekani, USPA, ambacho utaratibu wake hufuatwa hata nje ya nchi hiyo, kimeweka ngazi: miruko 25 kwa leseni ya kwanza, 50 kwa ya pili, 200 kwa ya tatu, 500 kwa ya nne. Hata kamera ndogo juu ya kofia, mrukaji hushauriwa asiivae kabla ya miruko 200, kwa kuwa mwenye kuwaza picha husahau kimo.

Ndugu msomaji, tulipokuwa tukiitazama ile karatasi hatukumfikiria mdogo wetu tena. Tulimfikiria kijana mwingine.

Mwaka mmoja kabla ya safari hiyo tulikuwa na mwanachuo wa mwaka wa kwanza mwenye kipaji cha pekee. Alipofundisha mbele ya wenziwe chuoni, sauti yake, zana zake na uchangamfu wake vilitufurahisha hata tukamtolea mfano. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, shule moja ilikuwa na darasa la kwanza lenye watoto 118, na mwalimu wake alikuwa mgonjwa. Mwalimu mkuu akatuuliza kama yupo awezaye kulishika peke yake. Tukamtaja yeye. Tukatia saini. Tulimwona akifundisha siku ya kwanza, tukampa alama za juu, tukaondoka kwenda kuwakagua wengine. Hatukurudi kwa wiki tatu.

Katika wiki ya tatu alimpiga mtoto wa miaka saba kwa rula ya ubao. Mtoto akaanguka juu ya ukingo wa dawati, akapasuka juu ya jicho, akashonwa nyuzi tano. Jicho lilisalimika. Mwanachuo aliulizwa akasema kwamba tangu wiki ya kwanza alikuwa halali, kwamba sauti ilikuwa imemkauka, na kwamba aliona haya kutuambia kwa kuwa tulimsifu sana. Aliondolewa chuoni. Katika taarifa yetu tuliandika kwamba alikosa uvumilivu. Hatukuandika idadi ya watoto, wala hatukuandika saini ilikuwa ya nani.

Hiyo ndiyo fedheha ya pili. Tulikuwa tumempa mwavuli mdogo mtu wa miruko michache, kwa sababu tulimwona akitua katika upepo mwema.

Tulimweleza Mwalimu habari hiyo, naye alisikiliza mpaka mwisho. Hakutufariji. Alituuliza kama tumeiandika mahali ambapo wenzetu wataisoma. Katika jarida la chama kile cha Marekani, liitwalo Parachutist, hutolewa maelezo ya ajali, bila ya majina: mrukaji alikuwa na miruko mingapi, mwavuli wa ukubwa gani, upepo ulikuwaje, kosa lilianzia wapi. Warukaji wa nchi nyingine huyasoma na kuyajadili, si kwa kumcheka marehemu, bali kwa kutafuta hatua ambayo wao wenyewe wangeweza kuikosea. Katika miaka ya 1970 watu zaidi ya 40 kwa wastani walikufa kila mwaka katika mchezo huu huko Marekani. Mwaka 2021 walikuwa 10. Vyombo bora vilisaidia, na mafunzo bora yalisaidia. Lakini ajali iliyofichwa, alisema, haimfundishi mtu.

Mdogo wetu aliendelea na mwavuli wake mkubwa. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu kaskazi ilivuma kwa vishindo, na rubani alipofika juu mrukaji mmoja, mwanamke wa Nairobi, alisema kwamba hajisikii vizuri, akashuka na ndege. Sisi tuliokuwa chini tulingoja kusikia mzaha. Hapakuwa na mzaha. Mmoja alimpokea kofia, mwingine akamkaribisha kivulini. Mdogo wetu yeye aliruka. Alipokaribia mchanga alichelewa kuvuta vishikio, akapiga magoti, akabingirika, akainuka na goti limechubuka na mchanga umejaa mdomoni. Hatusemi kwamba chini ya mwavuli wa rangi ya machungwa angevunjika. Tunasema tu kwamba alikwenda mwenyewe kwa Mwalimu, akamweleza kosa lake kabla ya kuulizwa. Kisha akanunua madafu kwa wote, kwa kuwa ni desturi yao kwamba anayefanya jambo kwa mara ya kwanza huwanywesha wenzake. Wazungu hununua bia. Mdogo wetu alisema kwamba hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kula mchanga.

Tangu turudi tumebadilisha mambo matatu katika kazi yetu. La kwanza, mwanachuo hatupimi tena kwa kutueleza atakavyolituliza darasa lenye vurugu. Wenziwe huigiza vurugu hiyo, naye hurudia mpaka mikono na sauti yake vijue. La pili, kabla ya kumpangia darasa tunaandika hesabu yake: idadi ya watoto, idadi ya vipindi, na majuma aliyokwisha kufundisha. Anaanza na kundi dogo na kupanda ngazi kwa ngazi, hata akiwa na kipaji cha namna gani. Na mwenye kipaji tunamchunga zaidi, kwa kuwa ndiye tunayeshawishika kumtwika. La tatu, kila mwisho wa juma sote huketi, wakufunzi kwa wanachuo, na kila mmoja hueleza kosa moja alilolifanya. Mkufunzi ndiye huanza.

Yule kijana tulimfuata kwao. Tulimweleza kwamba kosa halikuwa lake peke yake, na kwamba taarifa tuliyoiandika haikuwa kamili. Alitusikiliza, akatukaribisha chai. Chuoni hakurudi. Taarifa tumeiandika upya, na kwa ruhusa yake tumeieleza hapa.

Mama naye alitaka jibu lake: ni kazi au ni wazimu? Tulimwambia kwamba mtoto wake anafundishwa na mtu anayejua kukataa. Alinyamaza kidogo, akasema basi na aendelee, lakini apige simu kila Ijumaa.

Nawe, ndugu mwanachuo, utakapopewa darasa lako la kwanza, ukaona ni zito kuliko nguvu zako, usingoje kusifiwa wala usiogope kuchekwa. Mwambie mkufunzi wako mapema. Kushuka na ndege si aibu.